Nyama Rahisi, Kazi Iko Pembeni ya Sahani

Mteja akikaa mezani akakuambia anataka steki, bado hajakuambia kitu. Steki kila mtu anaijua, hata yule aliyeingia kukimbia mvua. Kazi yenu ninyi mnaoanza kuhudumu inaanzia pale anapofunga menyu akidhani amemaliza. Atakula na viazi gani? Mchuzi upi? Majani anataka au hataki? Atakunywa nini? Hapo ndipo watu wanaharibu chakula chao wenyewe, na wewe umesimama kando na kalamu yako unatazama.

Mimi nilitazama kwa karibu miezi mitatu. Nitawaeleza, lakini mnivumilie, maana mimi si mtu wa kukaa. Hata haya nayaandika nimesimama, daftari liko juu ya friji, na jirani wa chini ameshagonga dari lake kwa ufagio kwa sababu nikitafuta neno natembea. Miaka ishirini na sita ya kubeba sahani, miguu imesahau kazi ya kiti. Na mkiona Kiswahili changu kimenyooka kupita cha watu wetu wa hapa Brussels, lawama ziende kwa mabruda wa misheni walionifundisha Bukavu. Walikuwa wanapiga.

Bon. Mgahawa wetu ulikuwa Anderlecht, upande wa machinjio. Mchana walikuja wachinjaji na wauza nyama wenyewe, wengine bado na buti, na watu wa namna hiyo huwezi kuwadanganya juu ya nyama. Mwenye mgahawa alikuwa Monsieur Gustave, mtu mnene mwenye sauti ndogo, aliyeachiwa na mama yake alipozeeka. Jikoni, upande wa viazi, mboga na michuzi, alitawala Maman Odile, Mkatanga wa Lubumbashi, aliyekuwa pale kabla hata baadhi ya meza hazijanunuliwa. Mimi walinichukua kwa majaribio ya miezi mitatu. Ilikuwa miaka ya tisini, nchi yetu bado inaitwa Zaïre.

Sasa sikieni kilichokuwa kinanichoma. Mke wangu Nabintu na mtoto wetu Neema walikuwa wamebaki Bukavu. Neema nilimwacha ana miezi mitano, na sasa alikuwa amevuka miaka miwili. Mwanasheria aliniambia wazi, bila kuzunguka: ukipata mkataba wa kudumu, faili la mke wako linasogea, usipopata, linalala. Kwa hiyo ile miezi mitatu haikuwa ya kujifunza kubeba sahani. Ilikuwa ya kumleta Nabintu. Halafu katikati yake, nikiwa bado sijui hata meza zinahesabiwa kutokea wapi, vita vikaingia Bukavu na simu ya nyumbani ikanyamaza kabisa. Mke wangu yuko wapi, sijui. Mtoto yuko hai, sijui. Na mimi nauliza watu kama wanataka mayonezi.

Kosa langu lilikuwa hili. Kwetu mkubwa hapingwi mezani. Mzee akisema huu uji ni chai, unatafuta kikombe. Nami nilikuja na adabu hiyo yote, sikuacha hata kidogo uwanja wa ndege. Mteja mwenye mvi akiniuliza, "Hii na hii vitaendana, hein?" najibu, "Oui, Papa." Mama mtu mzima akiniuliza kama divai tamu itafaa, "Oui, Maman." Muuza ng'ombe mmoja alimwita Monsieur Gustave pembeni akamuuliza kwa nini yule mhudumu mpya anamwita baba, maana mke wake ameanza kumtazama vibaya.

Huyohuyo muuza ng'ombe ndiye aliyenifikisha pabaya. Aliagiza entrecôte, kipande kile chenye mafuta, pamoja na gratin, vile viazi vya kuoka ndani ya krimu, na juu yake mchuzi wa uyoga, nao wa krimu, na kinywaji divai nyeupe tamu. Akanitazama. "Vizuri, hein?" Nikasema oui. Ndani yangu nilijua si vizuri. Mtu yeyote mwenye tumbo angejua. Alikula nusu, akafungua mkanda, akaondoka amenuna.

Monsieur Gustave akaja jikoni na ile sahani. Akachovya kidole kwenye mchuzi, akaonja, akachukua kiazi, akaonja.

"Nani kamruhusu kula hiki?" akauliza.

"Ameomba mwenyewe, Monsieur."

"Mgonjwa naye anaomba chumvi," akasema kwa ile sauti yake ndogo. "Déo, karatasi ya kusoma menyu ninayo. Sihitaji mtu wa kuisoma kwa sauti." Akaiacha sahani mbele yangu akaenda zake. Siku hiyo nilijua kabisa kwamba mkataba sitaupata.

Maman Odile alisubiri mlango ufungwe. Huyu mama alikuwa na tabia ya kukusema huku anamenya kitu, hakutazami, na maneno yanakuingia vizuri zaidi.

"We Déo, unaogopa nini? Batu habakuye huku kusikia oui. Oui beko nayo kwabo."

"Maman, ni mutu mukubwa. Nitamukatalia namna gani?"

"Vile unamukatalia mutoto moto."

"Mutoto ni mutoto."

"Alors ukae na heshima yako, bibi yako akae kule." Bibi, kwa Kiswahili cha kwao, ni mke. Akaendelea kumenya.

Iliniuma. Nilitoka nje kupitia mlango wa nyuma nikazunguka jengo zima mara mbili, na nilipoingia tena alikuwa ameshapanga vibakuli tisa juu ya meza ya chuma. Ilikuwa saa tisa alasiri, wateja wa mchana wameondoka. Akanipa kipande cha nyama baridi na kijiko. "Kula. Kisha uniambie kile ulimi inasema, hapana kile mama yako alikufundishaka."

Niliyojifunza kwenye vibakuli vile ndiyo nimekula nayo maisha yote, basi yachukueni. Nyama yenye mafuta inataka kitu cha kupigana nayo: divai nyekundu inayokausha ulimi, au ile bia chachu ya hapa Brussels inayokunja uso, au chicon, yale majani meupe machungu, yaliyokaangwa mpaka yakawa ya kahawia. Filet haina mafuta, ni laini na ina haya, usiipigie kelele. Mpe mteja mboga ya siagi na divai nyekundu nyepesi. Krimu juu ya krimu ni usingizi. Béarnaise, mchuzi wa mayai na siagi wenye siki kidogo, unapenda nyama iliyochomwa, lakini hausubiri mtu. Mteja akienda chooni mchuzi umeshakatika, siagi imejitenga, kwa hiyo chungulia mlango wa choo kabla hujaubeba. Saladi ikiwa na siki nyingi inaua divai, basi aliyeagiza chupa nzuri umletee saladi baada ya nyama. Na anayekunywa maji muulize kama anayataka baridi. Wenye meno mabovu ni wengi kuliko mnavyodhani na hakuna anayewauliza.

Viazi vya kukaanga sasa. Mara mbili, kwenye mafuta ya ng'ombe. Mara ya kwanza viive tu, vitoke vimelegea, vipumzike. Mara ya pili viingie kwenye moto mkali, na ukivitikisa kwenye chujio vilie kama changarawe. Mchuzi huvimwagii hata siku moja. Mchuzi unakaa kando, kwenye kikombe chake. Nimewahi kumwona mchinjaji wa kilo mia na kumi karibu kutoa machozi kwa sababu mhudumu mwenzangu alimwagia.

Kujua nikajua. Kusema ndiyo ilikuwa shida. Jumamosi moja mchana walikuja watu wetu kumi na wawili wametoka kubatiza mtoto, suti na vitambaa vya kung'aa, na wote kumi na wawili wakataka nyama iive, iive kabisa, isibaki hata kivuli cha damu. Wachinjaji kwenye meza ya jirani walikuwa wanasikiliza kama watu walio msibani. Papa mmoja wa Kolwezi, mkubwa wao, akanishika mkono. "Petit, bukari haiko?" Alikuwa anataka ugali. Nikaanza kusema nitauliza, nitaona, labda, maneno yale ya mtu asiyeweza kukataa. Maman Odile alikuwa ameshasikia kutoka jikoni. Akatokea na aproni yake.

"Bukari haiko, papa. Uko Anderlecht." Akaweka mezani chupa ndogo ya pilipili aliyokuwa anaificha nyuma ya mtungi wa mastadi. "Lakini hii iko. Na mutakula na épinards, itakuwa karibu na lenga-lenga."

Yule papa, kusikia spinachi za Wazungu zimefanywa ndugu wa mchicha wa kwao, akacheka mpaka akakohoa. Alikataliwa, akashukuru. Nilisimama pale nikiona wivu. Nikajiambia, yeye ni mama mtu mzima, anaweza. Mimi nina miaka thelathini na moja, nikisema hivyo nitaonekana nimelelewa na mbuzi.

Na wakati wote huo miguu hainipi raha. Kati ya mchana na jioni, badala ya kupumzika kama wenzangu, nilikuwa natembea kwa miguu mpaka uwanja wa Flagey, mwendo wa saa nzima, kwa sababu pale kwenye mkahawa mmoja walikuwa wanakutana watu wa Bukavu kupeana habari. Kila mtu alikuwa amesikia kitu na hakuna aliyejua kitu. Huyu anasema mtaa wetu umebaki mtupu. Yule anasema watu wamekimbilia porini. Nasikiliza nimesimama, siagizi kitu, narudi na tramu, navaa aproni. Nilivunja glasi nne wiki ile. Niliwahi kumuuliza mteja mmoja mara tatu kama nyama anaitaka saignant, maana yake ikiwa bado na damu, na mara ya tatu sikuweza kulimaliza neno.

Wiki ya mwisho ya majaribio Monsieur Gustave akaniita. "Ijumaa mchana mama yangu anakuja kula. Utamhudumia wewe. Baada ya hapo nitaamua."

Maman Odile aliposikia aliacha kumenya. Madame Germaine, huyo mama yake, ndiye aliyeufungua mgahawa ule, yeye na marehemu mume wake. Alikuwa amevuka miaka themanini. "Ataagiza vibaya kwa makusudi," akasema. "Anafanyaka ivi kwa kila mupya. Ukisema oui, umekwisha."

Mungu wangu. Mtu wa kumkatalia wa kwanza maishani mwangu, nimepewa bibi wa miaka themanini ambaye nyumba ni yake.

Ijumaa ikafika. Alikaa meza ya dirishani, mdogo, koti hajavua, mwanawe mbele yake. Akafungua menyu akaifunga, hakuisoma hata. "Filet," akasema. "Na gratin. Na mchuzi wa pilipili manga, ule wa krimu. Na divai nyeupe tamu." Akaweka mikono juu ya meza. "Itakuwa vizuri, kijana?"

Oui ilikuja mpaka kwenye meno. Nawaambia kweli, ilikuja. Nikamwona Nabintu kule kusikojulikana na Neema mgongoni. Non nayo haikutoka. Nikabaki na mdomo wazi kama samaki, na Monsieur Gustave akaanza kukikunja kitambaa chake polepole, kama mtu aliyeshapata jibu.

Ndipo nikakumbuka jinsi mama yangu mzazi alivyokuwa anampinga bibi yangu, mama mkwe wake. Hakuwahi kumwambia hapana. Alikuwa anamwomba amfundishe. "Mama, nisaidie, nimesahau: hizi maharagwe wewe ulikuwa unazitia mafuta mara ngapi?" Na bibi anajisahihisha mwenyewe, tena kwa majivuno.

Nikainama kidogo. "Madame, naomba unifundishe. Mimi ni mgeni kwenye kazi hii. Wewe ulipokuwa unasimama hapa nilipo mimi, mteja akitaka gratin ya krimu, na mchuzi wa krimu, na filet ambayo haina nguvu ya kujitetea, ulikuwa unamwambiaje?"

Vijiko vilikuwa vinagonga sahani huku na huku na mimi nahesabu. Halafu akasema, "Nilikuwa namwambia arudi nyumbani akanywe maziwa."

"Na akiwa mtu mkubwa kuliko wewe, Madame?"

"Vivyo hivyo. Ila kwa upole." Akamgeukia mwanawe. "Huyu amenikatalia, Gustave. Umeona?" Akanirudia. "Haya. Mimi mzee, meno machache. Nipe unachoona."

Nikasema bila kupumua: filet, mchicha wa siagi, viazi vya kuchemsha vidogo vitatu, mchuzi kando kwenye kikombe kama atautaka, glasi moja ya nyekundu nyepesi, na maji yasiyo baridi. Akapiga meza kwa kidole mara moja. Alikula vyote. Mchuzi hakuugusa.

Mkataba niliutia sahihi Jumatatu saa nne asubuhi, nimesimama, juu ya kaunta. Monsieur Gustave alinisukumia kiti, nikasema niko sawa. Mpaka leo nawafundisha wanaoanza: usimwambie mteja hapana, mwombe akufundishe. Lakini uwe umeshajua jibu, la sivyo atakufundisha ujinga na utaubeba kwenye trei.

Mkataba ukawa mfukoni na wa kumleta hayupo. Hizo ndizo wiki mbaya kuliko zote. Nilikuwa na karatasi niliyoililia na sikuwa na jina la mtu hai la kuandika juu yake. Nilitembea Brussels nzima. Flagey mpaka stesheni ya Gare du Midi, Gare du Midi mpaka Flagey, soli zikaisha. Halafu mchana mmoja, wateja wamejaa, nina sahani tatu mkononi, Maman Odile akatoka jikoni na simu ya ukutani imevutwa mpaka waya wake wote umenyooka. Alinyoosha tu mkono. Kwenye simu alikuwa mtawa mmoja wa Bukavu. Akaniambia nisubiri, kisha nikasikia mtu anapumua, na hiyo pumzi niliijua, ya Nabintu. Zile sahani alizichukua nani sijui. Nililia mbele ya wachinjaji na sikuona haya.

Faili lilichukua mwaka na miezi kadhaa. Kila simu niliuliza. Picha za pasipoti umepiga? Cheti cha ndoa kimepatikana? Chanjo ya mtoto? Muhuri uko upande gani? Nilijua muhuri wa kila ofisi ya Bukavu kwa umbo lake.

Walifika. Neema ana miaka minne, ananiita Monsieur. Wiki ya pili Monsieur Gustave akasema niwalete mchana wa siku yangu ya mapumziko, meza ya dirishani, nyumba inawakaribisha. Nilivaa suti. Mara ya kwanza nakaa kwenye kiti cha nyumba ile. Miguu inacheza chini ya meza, Nabintu akaweka mkono gotini kwangu kuituliza. Alikuwa amekonda, na alikuwa na namna mpya ya kukaa, mgongo ukutani, macho mlangoni.

Mwenzangu alipokuja na kalamu, nikaagiza. Niliagiza kwa raha, nawaambia, kama mtu anayefungua zawadi aliyoifunga mwenyewe. Entrecôte kwa mama Neema, isiwe na damu nyingi. Béarnaise. Glasi ya nyekundu. Na viazi vya kukaanga, sahani kubwa, vya kulia kama changarawe.

"Viazi hapana," Nabintu akasema.

Nikacheka. Nikamweleza kwamba hivi si kama vya kwetu. Nikamweleza mafuta ya ng'ombe, mara ya kwanza, kupumzika, mara ya pili, yote niliyomweleza kila mteja. Nilieleza vizuri sana. Aliniacha nikamaliza. Kisha akasema kwa sauti ya chini, Neema asisikie:

"Papa Neema, kutoka Bukavu mpaka kule pori, na kurudia, tulikulaka viazi ya mashamba ya batu. Mbichi. Hatukuwashaka moto, moshi ingetuonyesha. Neema hakuweza kuvunja na meno yake, nilikuwa namutafunia, namutilia mu kinywa. Miezi miwili. Hukuniulizaka."

Kweli sikuuliza. Mwaka mzima na zaidi wa simu, nilijua muhuri uko upande gani, na sikujua mke wangu alikula nini. Nilitaka kusimama. Mwili wote ulitaka kusimama, utoke, uzunguke lile jengo mara mbili kama kawaida yake.

"Basi utakula nini?" nikamuuliza.

Akavuta menyu karibu. Alianza juu kabisa, kidole chini ya kila mstari, anasoma polepole kile Kifaransa cha nyama na michuzi, mstari hata mmoja hakuuruka. Mwenzangu alisimama na kalamu. Meza nyingine zilikuwa zinamwita. Nilikaa kwenye kiti changu nikanyamaza mpaka alipofika mwisho.